Kuchomoka mapema au kuviziana? Kigali ilijibu mara mbili

Vilima vilevile, wikendi ileile, majibu mawili yanayopingana. Jumamosi ya tarehe 27 Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali, wanawake waliopewa nafasi kubwa waliviziana mpaka ushindi ukawapita pembeni. Kesho yake Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka zikiwa zimebaki kilomita 104, na hakuna aliyemkamata. Tangu hapo, kila tunapokaa kutabiri mbio za vilima, ubishi ni huohuo: mwenye nguvu atoke mapema, au ajifiche kwenye kundi asubiri kilima cha mwisho?

Tuanze na barabara yenyewe. Mzunguko wa Kigali ulikuwa na kama kilomita 15 na vilima viwili: cha uwanja wa gofu, mita 800 kwa wastani wa asilimia 8, na Kimihurura, kilomita 1.3 zenye mawe yanayotikisa baiskeli mpaka meno yagongane. Kimoja kimoja havitishi. Lakini wanaume walivipanda mara 15, na katikati wakapelekwa Mont Kigali, karibu kilomita 6 kwa asilimia 7 hivi, kisha wakatupwa kwenye ukuta wa Kwa Mutwe, mita 400 za mawe kwa asilimia 11. Jumla ni kilomita 267.5 na mita 5,475 za kupanda, katika mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa yenyewe inakuwa ya kugombania. Walianza zaidi ya 160. Walifika 30.

Wanaosema "subiri" wana hoja nzito, na kabla ya Kigali nilikuwa upande wao. Hoja yao ni upepo. Kwenye tambarare, anayekaa mgongoni mwa mwenzake anaokoa robo ya nguvu zake au zaidi, kwa hiyo mtu aliye peke yake mbele analipa gharama yote huku wanaomfukuza wanachangiana. Mfano wao ni Innsbruck mwaka 2018. Mashindano ya dunia ya mwaka ule nayo yalikuwa ya milima mitupu, zaidi ya mita 4,600 za kupanda, na mwishoni kukawekwa mpando wa kukata pumzi uitwao Höll, wenye sehemu inayofika asilimia 28. Kila mtu alitarajia shujaa wa kutoka mbali. Hakutokea. Alejandro Valverde wa Hispania, mtu wa miaka 38, alikaa kimya, akapanda na wanaopanda, akafika mwisho na wenzake watatu na kuwazidi kasi kwenye mita za mwisho.



Lakini hoja ya upepo ina tobo, na tobo lenyewe liko kwenye kilima. Waangalie wabeba ndizi wa Burundi wanaoteremka na mikungu kwenda Bujumbura. Wakati wa kurudi juu hawakai nyuma ya lori ili liwakinge upepo. Wanalishika kwa mkono liwavute. Wanajua kwamba kwenye mpando mkali anayekushinda ni uzito wako mwenyewe, wala si upepo. Mwendo ukishuka hadi kilomita 20 kwa saa, mgongo wa mwenzako unakupa nafuu ndogo sana. Na Kigali haikuwa na tambarare ya maana ya kuwapa wafukuzaji nafasi ya kupokezana: ni kupanda, kushuka, kona, kisha kupanda tena. Kwenye mteremko wenye kona mmoja anashuka sawa na kumi, pengine haraka zaidi, kwa sababu hana wa kumkwepa.

Kuna jambo la pili ambalo watabiri wengi huliruka: wasaidizi. Kundi halifukuzi kwa sababu ni kubwa. Linafukuza kwa sababu ndani yake kuna watu waliokubali kuchoka kwa ajili ya mtu mwingine. Pogačar alipoondoka Mont Kigali, walioweza kumfuata ni Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Meksiko. Jezi za mataifa tofauti, lakini msimu mzima wote watatu walikuwa timu moja ya UAE. Ayuso akaachwa, Del Toro naye akaishiwa, na kilomita 66 za mwisho Pogačar alizipiga peke yake. Nyuma, kila mzunguko ulikuwa unachuja wasaidizi, hadi wakabaki vigogo wasio na wa kuwasaidia. Na kigogo akimfukuza kigogo, wa tatu anafaidika. Kila mmoja alilijua hilo.

Bahati nayo tuitaje. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alikuwa ameshinda mbio dhidi ya saa, ambazo kila mmoja hukimbia peke yake akipimwa muda, Jumapili iliyotangulia, na alimpita Pogačar barabarani ingawa mwenzake alianza dakika mbili na nusu kabla yake. Kwenye mbio kubwa, kiti cha baiskeli kilimsumbua akabadilisha baiskeli mara mbili, bado akamaliza wa pili kwa tofauti ya dakika 1 na sekunde 28. Anayesema kutoka mapema ndiyo dawa ajiulize ingekuwaje kama kiti kile kingetulia.

Wanawake je? Hapo ndipo hoja ya kusubiri ilipovuliwa nguo. Demi Vollering, Pauline Ferrand-Prévot na wakubwa wenzao walikuwa na miguu ya kutosha, ila hakuna aliyetaka kumbeba mpinzani wake hadi mstari. Kwenye mashindano ya dunia hakuna kifaa cha sikioni, kwa hiyo hakuna kocha wa kupiga kelele kwamba pengo linakua. Wachache wakateleza mbele. Vita vya panzi, na kunguru siku hiyo alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hakuwa kwenye orodha ya wengi wetu. Kimihurura ya mwisho, mawe yakigonga magurudumu, aliwaacha Niamh Fisher-Black na Mavi García akashinda kwa sekunde 23. Zingatia kwamba naye alisubiri kilima cha mwisho. Alichofanya tofauti ni kwamba alisubiria mbele.

Kwa hiyo swali la kilomita ngapi zimebaki silioni kuwa na maana kubwa. Swali langu sasa ni hili: wakati wa kuchomoka, nani nyuma ana watu wa kufukuza, na barabara inawapa mahali pa kufukuzia? Innsbruck watu wa kufukuza walikuwepo, na kupanda kwake kurefu kuliiruhusu timu ishike mwendo. Kigali, kwenye mbio za wanaume, hawakuwepo. Kwenye mbio za wanawake walikuwepo, wakakataa.

Mashindano ya 2026 yamepangiwa Montreal, nyumbani kwa Vallieres, jimbo la Quebec. Kilima cha Camillien-Houde pale Mont Royal ni kilomita 1.8 kwa asilimia 8, kifupi, cha kurudiwarudiwa, kama vya Kigali lakini bila mwinuko wa kunyima pumzi. Septemba 2025 kwenye mbio za kila mwaka za mji huo, Pogačar na Brandon McNulty, wa timu yake ya UAE, waliwaacha wote, kisha Pogačar akampisha mwenzake ashinde. Mimi natabiri atatoka tena mbali, ila safari hii zikiwa zimebaki kilomita chini ya 80, kwa sababu hakutakuwa na Mont Kigali ya kuwakata wasaidizi mapema. Ikibaki mizunguko mitano na Ubelgiji bado ina watu watatu mbele ya Evenepoel, nitafuta utabiri huu na kusubiri kilima cha mwisho.