Pawa saplai mpya yenye akili za mwaka 1999

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alifika nyumbani na mfuko wenye pawa saplai mbili, yaani vile vifaa vinavyogawa umeme ndani ya kompyuta, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake alikuwa ameshaanza kulalamika. Fundi mmoja wa Kariakoo alimwondolea ile niliyompa mimi, ya mwaka 2014, akamfungia mpya ya wati 500 kwa shilingi 45,000, na tangu siku hiyo kompyuta inajizima na kujiwasha kila anapoanza kurenda video, yaani kuitoa ikiwa faili kamili baada ya kuihariri. Sababu ya fundi ilikuwa moja tu: ya zamani "imepitwa na wakati".

Niliziweka kwenye mizani ya jikoni. Ya zamani ilikuwa kilo 1.8, mpya, gramu 790. Uzito peke yake hauthibitishi kitu, nakubali, lakini shaba na alumini hazijawahi kujifunza kuwa nyepesi.

Kisha nikamsomesha lebo. Kwenye ile mpya, laini (njia ya kutolea umeme) ya volti 12 imeandikwa ampea 16, yaani wati 192. Laini ya volti 5 ina ampea 30, sawa na wati 150, na ile ya volti 3.3 ina ampea 28, kama wati 92 hivi. Jumla ni 434. Zilizobaki labda zimo kwenye rangi ya boksi. Kadi yake ya picha, GTX 1660, inakula wati 120, na prosesa yake ya Ryzen 5 3600, inayouzwa kwa jina la wati 65, hufika 88 ikibanwa na kazi. Hizo ni 208, na zote zinatoka kwenye volti 12 yenye 192 tu, kabla hatujahesabu feni wala diski.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tangu enzi za prosesa ya Pentium 4, iliyotoka mwaka 2000, mzigo umekuwa ukihamia volti 12, na toleo la 2.0 la ATX12V, kanuni ya kuunda pawa saplai, la mwaka 2003 likaupa mwelekeo huo nguvu ya kanuni. Kifaa kinachorundika nguvu zake kwenye volti 5 kimeundwa kwa ajili ya kompyuta ambazo leo utazikuta stoo, hata kama kimetoka kiwandani mwezi jana. Ile "iliyopitwa na wakati" ina ampea 36 kwenye volti 12, yaani wati 432 kati ya 450 inazojidai nazo. Sasa ya zamani ni ipi?

Kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi chaji, huchakaa, hilo silipingi: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu, na joto la Dar es Salaam halina huruma. Angekuwa na kadi kubwa za siku hizi ningemwambia atafute ya ATX 3.0, kanuni ya mwaka 2022, kwa kuwa imeundwa kustahimili kadi inayoruka ghafla mpaka mzigo ufike mara mbili ya kiwango cha pawa saplai yenyewe. Nitamnunulia nyingine pesa ikipatikana, na nitaanza kwa kusoma lebo.

Tuliirudisha ile ya zamani, akarenda video ya dakika 40 bila kukatika. Mpya aliirudisha dukani, akaonyeshwa kibandiko ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sasa iko kwenye droo yangu, naitumia kujaribia feni.