Aliyeacha wali hakususa

Ijumaa baada ya swala, nyumba moja ya Langoni hapa Lamu. Sinia ya wali wa nazi imeshatua mkekani, samaki wa kupaka juu yake, achari ya embe pembeni, wanawake sita tumeizunguka. Binti wa mjomba wangu anamega samaki, anachovya kwenye tui, anakula. Wali wa upande wake haujaguswa. Shangazi amenyamaza mpaka uvumilivu umemshinda.

"Mwanangu, nani kakuudhi?"

Kwetu mtu akiacha chakula mbele ya watu amesusa, na anayesusa ana neno na mwenye nyumba. Kufunga ni ibada, mwiko ni wa mganga au wa mzazi aliyejifungua. Mtu aliyeacha chakula kwa hesabu zake tu, hana ugomvi na yeyote, hatukumwekea neno. Tumeazima "dayati", tena tunalitamka kwa kubinua midomo, kama ni mchezo wa wenye nafasi.

Binti yuko kwenye keto, mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana. Shangazi haipendi, na ana hoja. Chakula hicho kilibuniwa Marekani mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, na aliowakusudia ni wagonjwa wa kifafa. Wanga wa siku nzima kwa kawaida hauzidi gramu 50, na kikombe kimoja cha wali kina gramu 45 hivi. Ukishakila umemaliza siku. Zile kilo mbili za wiki ya kwanza ambazo watu huzitangaza kwa furaha, sehemu kubwa ni maji: mwili unapotumia akiba yake ya wanga, maji yaliyoshikamana nayo hutoka pia. Na nyuma ya keto wamejipanga wauzaji wa chai za kupunguza tumbo. Nyingi zina sanamaki, ileile bibi zetu waliyotunywesha choo kilipofunga. Kazi yake iko kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko mwili umeshachukua wake. Unachopunguza ni maji na pesa. Shangazi akisema watu wanaibiwa, simbishii.

Ila swali lake lilikuwa nani kamuudhi binti, na jibu lilikuwa limekaa palepale mkekani: mamake, anayejidunga insulini asubuhi na jioni. Binti ana miaka 34. Mwaka jana alipimwa, akaambiwa sukari yake imeanza kupanda. Hatafuti kiuno cha kupigia picha. Anamtazama mamake akitafuta mahali pa kuchoma sindano pasipouma, na anajiona mwenyewe.

Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwisho wa 2017 ambao sichoki kuurudia, kwa sababu unavunja kauli tuliyoizoea, kwamba sukari ikishaingia haitoki. Walichukuliwa watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili, wote wakiwa wamegunduliwa ndani ya miaka sita. Nusu yao waliachishwa chakula cha kawaida kwa miezi mitatu hadi mitano, wakawa wanaishi kwa supu na vinywaji vya kupimwa, kalori kama 850 kwa siku, kisha wakarudishiwa chakula kidogo kidogo. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 ya hao sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa, na hawakuwa wakitumia dawa zake. Upande uliopewa matibabu ya kawaida walikuwa 4 tu. Waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86 katika 100. Binti aliposoma habari hii aliniamsha saa tano usiku kwa simu. Wagonjwa wale waliachishwa dawa tangu siku ya kwanza, chini ya macho ya madaktari. Anayemeza vidonge vya sukari au kujidunga akajinyima chakula kivyake anaweza kuanguka. Lakini yeye hajafika kwenye dawa. Yuko pale ambapo kuacha kitu bado kunalipa.

Je, lazima kiwe wali? Hapo ndipo naachana naye kidogo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliofuatwa mwaka mzima, wengine wakipunguza mafuta, wengine wanga. Wa kwanza walipungua kilo 5.3 kwa wastani, wa pili 6.0, tofauti isiyo na uzito. Hata keto ikitoka, njia nyingine zipo. Na tukitafuta mkosaji, wali tunauonea: Shangazi hutia vijiko vitatu vya sukari kwenye kila kikombe cha chai, na kabla ya adhuhuri ameshakunywa vitatu. Hizo ni gramu 36 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ikikaa chini ya gramu 25 kwa siku ndiyo bora zaidi. Chai hiyo haina anayeisema, maana haisusiwi na mtu.

Kosa la wali wetu ni sinia. Sinia haina kipimo. Ukimaliza wa mbele yako unasukumiwa mwingine, na kitoweo kizuri huletwa upande wa yule anayependwa. Nani ajuaye alikula vikombe vingapi? Mimi sijawahi kujua. Ule upendo wa kusogezewa sitaki uondoke, na binti naye hautaki uondoke. Ndiyo maana anakuja kila Ijumaa na kukaa palepale, badala ya kubaki kwake na mayai yake.

Ijumaa iliyofuata alikuja na kisahani. Akachota wali wa ujazo wa kikombe kimoja cha kahawa, akaukalisha ukingoni mwa sinia, akasema keto imemshinda ila kipimo hakiachi. Shangazi akakitazama kile kisahani, akatutazama sisi.

"Hicho cha paka?"

Kisha akamega kipande cha shingo ya samaki, penye mafuta, akamwekea juu yake.