Nyota Nne za Majirani

Atlasi tuliyoitumia shuleni ilikuwa na bendera za dunia kwenye jalada la nyuma, na mimi niliamini kabisa kwamba mchapaji amekosea. El Salvador, Honduras, Nikaragua: buluu, nyeupe, buluu, kama watoto wa nyumba moja walioshonewa nguo za Idi kutoka jora moja.

Kumbe ni jora moja kweli. Tarehe 15 Septemba 1821 Amerika ya Kati ilijitangazia uhuru kutoka Hispania, na mwaka 1823 Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika zikawa shirikisho moja chini ya bendera hiyo ya buluu na nyeupe. Mwaka 1838 shirikisho likaanza kumeguka. Kosta Rika baadaye iliongeza mstari mwekundu katikati. Guatemala ikaisimamisha milia wima na kumweka ndege wao, quetzal.

Inayonigusa mimi ni ya Honduras. Mwaka 1866, shirikisho likiwa limeshakufa, Honduras iliweka nyota tano kwenye mstari mweupe, nne pembeni na moja katikati. Ni zile nchi tano, na tumaini kwamba zitaungana tena. Hebu itazame polepole. Katika nyota tano za bendera ya taifa huru, moja tu ndiyo yake. Nne ni za majirani.

Januari 2022, Rais Xiomara Castro alipoingia madarakani, serikali yake ilirudisha buluu ya feruzi iliyotajwa kwenye sheria ya mwaka 1949, badala ya buluu iliyokoza ambayo watu walishaizoea. Mabishano yakawa makali. Mimi rangi hainisumbui, sheria ifuatwe. Kinachoniuma ni kwamba nyota hazibishaniwi hata kidogo, na zenyewe ndizo zenye deni: ule muungano zinaoutumainia.

Julai 1969 Honduras na El Salvador zilipigana kwa takriban saa mia moja, maelfu wakafa. Dunia ikaviita vita vya kandanda, kwa kuwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia zilikuwa zimechochea chuki mwezi mmoja kabla. Jina hilo silipendi, linawadhalilisha waliokufa. Kiini kilikuwa ardhi: wakulima wengi wa El Salvador walikuwa wamehamia Honduras, kisha wakafukuzwa mashambani. Na jeshi la Honduras lilikwenda vitani chini ya bendera yenye nyota ya adui wake.

Wapo watakaosema basi zifutwe. Nakataa. Bila zile nyota, nani angeona kwamba siku zile ndugu walikuwa wanauana?

Francisco Morazán, mzaliwa wa Tegucigalpa aliyeliongoza shirikisho, alipigwa risasi San José, Kosta Rika, tarehe 15 Septemba 1842, siku ileile ya uhuru. Katika wosia wake aliwaachia watu wa El Salvador mabaki yake. Leo sura yake iko kwenye noti ya lempira 5 ya Honduras, na kaburi lake liko San Salvador.