Nani Anamlisha Imamu?

Nilipokuwa kijana Eastleigh, familia mbili za jirani zilikaribia kushikana mashati kwa ajili ya ukuta wa ploti. Sheikh aliyeitwa kusuluhisha alivua viatu, akaketi mkekani katikati yao, akanyamaza mpaka chai ikaisha vikombeni. Kisha akamuuliza mzee mmoja: "Jeneza la mama yako lilibebwa na nani?" Mzee akainamisha kichwa. Lilibebwa na vijana wa nyumba ile ile aliyokuwa akigombana nayo. Ukuta ulibomolewa kesho yake.

Sheikh yule hakuwa na deni kwa upande wowote, na ndiyo maana alisikilizwa.

Namkumbuka kila nisomapo habari za Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kuanzia 2013, wapiganaji wa Seleka, wengi wao Waislamu, na wa Anti-balaka, wengi wao Wakristo, walipokuwa wakiuana, Imamu Omar Kobine Layama, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga na Mchungaji Nicolas Guérékoyamé-Gbangou walizunguka pamoja kuwasihi watu waweke silaha chini. Imamu alipotishiwa maisha, alihamia na familia yake nyumbani kwa askofu, wakaishi huko kwa miezi. Hotuba gani ingeshinda hiyo?

Sasa tujitazame sisi Wakenya. Agosti 2007 baadhi ya viongozi wetu Waislamu walitia saini makubaliano na mgombea urais, Raila Odinga. Makanisani nako wapo walioegemea upande wao. Baada ya uchaguzi wa Desemba, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa likakiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wamependelea. Nawaheshimu kwa ungamo lile. Lakini lilikuja makaburi yakiwa yameshachimbwa.

Simwambii mwanachuoni ajitenge na siasa. Bei ya unga ni siasa, kijana anayepigwa risasi kwenye maandamano ni siasa, na mimbari ikinyamazia hayo haina kazi. Ninachokipinga ni bahasha ya pesa ya mwanasiasa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza mchango wa Rais Ruto kwa kanisa la Soweto hapa Nairobi urudishwe. Nilifurahi, halafu nikaona haya, kwa sababu msikitini petu bahasha hupokelewa na sote tukaitikia "Amin".

Na lawama si ya imamu peke yake. Tunamtaka aseme haki bila woga ilhali tunamlipa kwa sadaka ya Ijumaa, hela isiyofika kodi ya nyumba. Karo ya watoto wake hatuiulizi. Mheshimiwa ndiye huiuliza, na mwaka wa kura akija kuomba "kuwasalimia waumini" baada ya swala, imamu atamkatalia kwa nguvu gani?

Tangu Ramadhani, nyumba kadhaa mtaani tumeanza kutoa shilingi 300 kila mwezi kwa ajili ya kodi yake. Mwezi uliopita zilipungua, tukazunguka mlango kwa mlango kuziba pengo. Kura ni 2027, na karo bado hatujaigusa.