Kabla hujamwita dereva mwizi wa mafuta, jaza tangi

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili usiku. Akaanza na shikamoo, akauliza habari za nyumbani, akauliza na afya ya bibi yake, nami nikajua kuna jambo, maana huyu mtoto wa dada yangu hana mazungumzo marefu. Mwisho akasema, "Mjomba, wamenikata tena laki moja. Wanasema nanyonya mafuta."

Ilikuwa mara ya tatu. Miezi mitatu, laki moja kila mwezi.

Anaendesha pikapu ya kazini, dabokebini ya dizeli, injini ya lita 2.4. Anapakia mbegu na mbolea Morogoro na kuzipeleka Iringa, mara nne kwa mwezi. Ofisini kwao wamebandika karatasi ukutani: kilomita 13 kwa lita. Namba hiyo waliitoa kwenye kipeperushi walichopewa siku gari liliponunuliwa. Dereva akirudi safari, mhasibu anasoma kilomita kwenye dashibodi, anagawanya kwa 13, na lita zinazozidi hapo zinakuwa deni la dereva. Hakuna anayeuliza alibeba nini wala alipita wapi.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima na hasira haijapoa. Najua madereva wengi wa pikapu nchi hii wanaoishi na tuhuma ya namna hiyohiyo. Namba ya kipeperushi imekuwa hakimu, na hakimu huyo hajawahi kupanda Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye njia ya Iringa.

Kwanza tujue namba hizo zinapatikana wapi. Kipimo cha zamani cha Ulaya cha ulaji wa mafuta, NEDC, kilichotumika miaka mingi na ambacho namba zake bado zimejaa kwenye vipeperushi vya magari tunayonunua, kilikuwa cha dakika 20 tu, ndani ya jengo, gari likiwa juu ya rola. Kilomita 11 hivi. Mwendo wa wastani ulikuwa kilomita 34 kwa saa, kiyoyozi kimezimwa, hakuna upepo wala mlima. Mwendo wa 120 ulishikwa kwa sekunde chache mwishoni, basi. Wazungu wenyewe walikiona kipimo hicho hakifai, wakaanza kukibadilisha mwaka 2017 kwa kingine, WLTP, cha dakika 30 na kilomita 23. Hata hicho kipya hakilingani na barabara: Tume ya Ulaya ilipokusanya taarifa kutoka kwenye kompyuta za magari yaliyosajiliwa mwaka 2021, ilikuta ya petroli na dizeli yanachoma takriban asilimia 20 zaidi ya namba ya maabara. Na hayo ni magari ya Ulaya, kwenye lami ya Ulaya. Japani nako, mwaka 2016, Mitsubishi ilikiri kuchezea takwimu za ulaji wa mafuta za magari madogo zaidi ya laki 6. Hivyo mtu akiniambia "kipeperushi kimesema," namwambia kipeperushi kilisema habari za gari lililokuwa ndani ya jengo.

Jumatano iliyofuata nikachukua likizo ya siku mbili, nikaenda Morogoro, nikapanda naye.

Tulianza sheli ya karibu na Msamvu. Nilimwomba kijana wa pampu ajaze taratibu, kwa sababu dizeli inatoa povu, na povu likifika shingoni pampu inajikata wakati tangi bado lina nafasi. Ilijikata. Tukasubiri povu lishuke, akaongeza kidogo, ikajikata tena, tukasubiri, akaongeza mpaka dizeli yenyewe ikaonekana mdomoni. Lita kadhaa ziliingia baada ya ule mlio wa kwanza. Zingatia hilo: dereva aliyejaziwa mpaka mlio wa kwanza leo, kisha akajaziwa mpaka mdomoni kesho, anaonekana ameiba lita ambazo bado zimo kwenye tangi. Nikaandika kwenye daftari saa, kilomita, pampu namba ngapi, na gari lilivyosimama. Nikawasha na simu ipime umbali.

Nyuma tulikuwa na mifuko 18 ya mbolea, ya kilo 50 kila mmoja. Kilo 900. Juu kuna keria ya chuma yenye tairi la akiba na turubai, mbele kuna ngao nzito waliyofunga wenyewe. Ukijumlisha gari, mzigo na sisi wawili, zilikuwa tani 3.

Mpaka Mikumi safari ilikuwa nyepesi. Vijijini tunashuka hadi 50 kwa sababu ya tochi za trafiki na kwa sababu ya watoto wa shule, kisha tani 3 zinaanza tena kusukumwa kutoka chini. Kila tuta la barabarani ni mafuta. Mpwa wangu hakimbizi gari. Mahali palipo wazi alikaa kwenye 90. Nilimwomba kipande kimoja aende 110 nisikilize, na sauti ya upepo kwenye ile keria ilibadilika kabisa, ikawa kama mtu anapuliza chupa. Upepo unaokinza gari hauongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka 80 ukafika 110, nguvu ya upepo inakaribia kuwa mara mbili, na pikapu ina uso mkubwa kama ukuta. Kama kuna kitu kimoja mwenye gari anaweza kumwamuru dereva leo na akaona tofauti kesho, ni kushusha mwendo na kuvua keria isiyo na kazi.

Baada ya Ruaha Mbuyuni, kwenye Kitonga, ndipo penye habari yenyewe. Wanaopita njia ile wanajua. Malori ya kwenda Tunduma yamejipanga mbele, yanapanda kama yanatambaa, na huwezi kuyapita kwenye zile kona. Tulikuwa gia ya pili muda mrefu, na sindano ya joto nikiitazama. Nikamwona mpwa wangu anavyoshika usukani: mkono mmoja juu, mwingine kwenye gia, jasho linamtoka na dirisha liko wazi, kwa sababu kiyoyozi alikuwa amekizima ili kubana mafuta. Kijana anakaangwa na jua la bonde lile ili aokoe vijiko viwili vya dizeli, na ofisini ameandikwa mwizi.

Hesabu ya mlima si siri, ni fizikia ya sekondari. Morogoro iko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini iko zaidi ya 1,500. Kunyanyua tani 3 kwa mita 1,000 kunahitaji nishati ya takriban megajuli 29. Lita ya dizeli ina kama 36, na injini nzuri inafaidi theluthi moja tu, iliyobaki inapotea kama joto. Maana yake karibu lita 2 na nusu zinakwenda kwenye kunyanyua peke yake, kabla hujahesabu upepo, msuguano wa tairi, foleni ya malori, na vilima vidogo vyote unavyopanda, ukashuka, ukapanda tena. Ukirudi, unaposhuka kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta injini hainywi kitu, ni kweli, lakini kilichochomwa kupanda hakirudi tangini.

Iringa tulijaza kwa utaratibu uleule wa povu. Lita 38.6. Kesho yake tukarudi mtupu, tukajaza kwenye pampu ileile ya Morogoro. Lita 27.4.

Simu ilisema kilomita 310 kwenda na 310 kurudi. Kwa hiyo kupanda na mzigo ni kilomita 8 kwa lita, kushuka bila mzigo ni 11 na kitu kidogo. Jumla, kilomita 620 kwa lita 66, yaani 9.4. Hata kurudi mtupu, mteremko ukiwa upande wetu, hatukuiona ile 13.

Lakini dashibodi haikusema 620. Ilisema 600.

Hapa nilishuka nikainama kwenye tairi. Gari lilikuja na tairi za 265/65 R17. Walipobadilisha, ofisi ilinunua 265/70 R17 kwa sababu zinavumilia barabara za mashamba. Tairi hilo ni kubwa zaidi kwa asilimia 3 na nusu hivi, kwa hiyo kila mzunguko linakwenda mbali kidogo zaidi, lakini mita ya gari bado inahesabu mizunguko ya tairi la zamani. Kilomita 20 za kila safari haziandikwi popote. Dereva ameziendesha, dizeli imezichoma, na mhasibu hazioni. Ofisi yenyewe ndiyo iliyofunga tairi lile, halafu ikamkata mshahara mtu aliyekaa juu yake!

Weka sasa hesabu ya ofisi: 600 gawanya kwa 13 ni lita 46. Ametumia 66. "Lita 20 zimepotea."  Lita hizo 20 nilikuwa nimekaa nazo. Nililala Iringa hatua chache kutoka lilipolala gari, na mfuniko wa tangi nilikuwa nimeubandikia utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kulala, ukakutwa salama asubuhi. Hakuna aliyenyonya kitu.

Najua mtakachoniambia. Wizi wa wese upo. Upo, na nimeuona: dumu, mpira, saa 9 usiku nyuma ya sheli. Kuna madereva wanaouza lita 10 kila safari na wameshajenga. Sitawatetea. Lakini mwenye gari anayetumia namba ya uongo hamkamati mwizi huyo pia, kwa sababu mbele ya namba ile wote ni wezi, mwaminifu na asiye mwaminifu, na mwaminifu akishakatwa mara tatu bila kosa, kitu gani kinamzuia tena? Kipimo cha kweli ndicho kinachomfichua anayeiba. Ukijua njia hii na mzigo huu ni lita 66, siku zikifika lita 78 una haki ya kumwita mtu na kumuuliza.

Na kuuliza kwenyewe kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara hivihivi. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mpwa wangu hakupewa karatasi yoyote. Alisikia benki.

Wenye magari, iwe Hilux, Ranger, D-Max au L200, nawaomba kitu kidogo. Msichukue namba kwa muuzaji, wala kwa rafiki anayejisifu gari lake linakwenda 14 kwa lita na hajawahi kubeba zaidi ya begi la laptop. Panda na dereva wako safari moja ya kawaida, na mzigo wa kawaida, jaza mdomoni mwanzo na mwisho, rudia safari mbili nyingine, pima umbali kwa simu. Andika uzito kwenye daftari pembeni ya kilomita. Angalia upepo wa tairi kila wiki. Kazi yote hiyo haifiki gharama ya laki moja.

Ijumaa mpwa wangu aliingia ofisini na nakala ya daftari, risiti za pampu na picha ya tairi. Mhasibu alisoma kimya, akarudia kugawanya kwenye kikokotoo mara mbili, akasema atampelekea bosi. Karatasi ya ukutani imeshabanduliwa, sasa wanaandika 9 kwa safari ya Iringa. Laki 3 bado hazijarudi. Barua ya kuzidai tumeiandika pamoja jana usiku, mezani kwangu, na leo asubuhi ameondoka nayo kwenye bahasha, juu ya dashibodi, karibu na ile mita.