Ugonjwa umerudi, kwani lazima mgonjwa alikatisha dozi?

Mgonjwa akirudi na maradhi yaleyale, swali la kwanza anaulizwa: "Dozi ulimaliza?" Swali halina ubaya. Sokoni Darajani, Unguja, watu hununua antibayotiki vidonge vinne vinne kama peremende, homa ikishuka vilivyobaki huwekwa akiba. Usugu wa dawa unalelewa hivyo.

Lakini yupo mama wa Chake Chake aliyemeza vyote, kwa saa zake, na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ikamrudia. Mkojo unaoteshwa maabara, na kati ya bakteria huwekwa kikaratasi chenye dawa. Kukizunguka duara linabaki tupu, bakteria hawakuota. Maana yake dawa inawaua. Huyu naye tumwite muongo?

Mwaka 1944 mtaalamu wa bakteria Joseph Bigger wa Dublin alipiga stafilokoka, bakteria wa majipu, kwa penisilini, na katika kila milioni akabaki hai takriban bakteria mmoja. Alipowaotesha upya, kizazi chao kikafa kwa dawa ileile. Hawakuwa sugu, walikuwa wametulia tu: penisilini humuua bakteria anayejenga ukuta wake, na asiyejenga haimpati.

Mwaka 1983 watafiti Moyed na Bertrand wakakuta kwenye E. coli, bakteria wa utumbo, badiliko la jeni, hipA7, linalofanya wanaobaki wafike kama mmoja katika mia. Kutoka milioni hadi mia! Jeni ya hipA hutoa sumu inayosimamisha utengenezaji wa protini. Jirani yake, hipB, hutoa kinachoifunga. Kwenye hipA7 kufuli limelegea, wengi zaidi wanalala. Na si mambo ya maabara pekee: mwaka 2015 watafiti waliripoti badiliko hilohilo katika bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa UTI.

Jeni haisemi yote, nakubali. Ndugu wenye vinasaba sawasawa, mmoja hulala, mwingine halali, anaendelea kugawanyika. Na UTI nyengine ni maambukizi mapya kabisa. Tena wanaolala ndio huwapa usugu nafasi ya kuzuka, kwa hiyo anayesisitiza dozi ana haki yake.

Ninachokataa ni kesi kuhukumiwa kwenye dirisha la dawa. Tiba ya kifua kikuu ya miezi sita imewekwa ndefu kwa sababu hiyo hasa, kuwasubiri wanaochelewa kufa, wala hakuna anayemlaumu mgonjwa kwa urefu wake. Mwenye UTI inayojirudia aoteshewe mkojo kabla ya kupewa kopo jengine la dawa, na kabla ya kukaripiwa.