Nasubiri raundi ya saba

Usiku wa Agosti 16, 2025, banda la video tunalotazamia ngumi pale Mwanga lilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Saa ya Riyadh na saa yetu ni moja, kwa hiyo pambano likiwa Saudia sisi wa Kigoma hatukeshi mpaka asubuhi kama tunavyokesha wakipigana Las Vegas. Muuza kahawa alikuwa anapenya katikati ya watu na birika lake. Kengele ikalia, nikampa noti ya elfu mbili. Kabla hajamaliza kunihesabia chenji, Dillian Whyte alikuwa chini, kapigwa na kijana Moses Itauma. Raundi ya kwanza, dakika moja na sekunde 59. Banda zima likasimama. Mzee niliyekaa naye, mtu anayefuatilia ngumi tangu enzi za redio ya mkulima, alinishika bega akasema, "Mwanangu, huyu mtoto ndiye bingwa. Andika."

Leo, Desemba 2025, naandika, ila siandiki alichoniagiza.

Moses Itauma alizaliwa Slovakia Desemba 2004, baba Mnaijeria, mama Mslovakia, akakulia Chatham, Uingereza. Mwezi huu anatimiza miaka 21. Anapiga kwa kushoto, na miguu yake ni myepesi kuliko mabondia wengi wa uzito wa juu niliowahi kuwaona. Mkono wa kulia anautanguliza kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Akishaupata, kushoto kunaingia. Amepigana mara 13, ameshinda zote, 11 kwa KO, yaani mpinzani hakumaliza pambano. Pambano lake la kwanza la kulipwa, Januari 2023, lilichukua sekunde 23. Demsey McKean, Desemba 2024, hakutoka raundi ya kwanza. Mike Balogun, Mei 2025, aliishia ya pili. Na huyo Whyte ndiye yule aliyemsumbua Anthony Joshua hadi raundi ya saba mwaka 2015, ndiye ambaye Tyson Fury alimtoa raundi ya sita mwaka 2022. Kelele za banda zilikuwa za haki, na mimi nilipiga.

Lakini Whyte wa Agosti alikuwa na miaka 37 na mwili uliokwisha kula ngumi nyingi nzito. Na kuna jambo moja ambalo pale bandani hakuna aliyetaka kulisikia: katika mapambano yote 13, Itauma hajawahi kuingia raundi ya saba. Mawili aliyoshinda kwa pointi yalikuwa ya raundi sita tu. Pambano la ubingwa wa dunia ni raundi 12. Nusu ya safari hiyo hajaikanyaga, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfikisha huko.

Mtu atasema nina roho mbaya. Hapana, nampenda huyu kijana. Nasema hivi kwa sababu kosa hili nimeshiriki kulifanya mwenyewe.

Tulikuwa na klabu ndogo Ujiji, chini ya mwembe. Gunia la mazoezi tulilijaza maranda, na mvua ikilinyeshea lilikuwa linageuka jiwe, vijana wanachubuka vidole. Akatujia kijana mpakuzi wa mizigo pale Kibirizi, kutwa anabeba madumu ya mawese na magunia ya dagaa kutoka botini. Kilo zaidi ya mia, mabega kama mlango. Huku kwetu mabondia wengi ni wa uzito mwepesi, mtu wa kilo hizo hakuna wa kumpa. Tukawa tunampambanisha na vijana wa kilo sabini, raundi mbili za dakika mbilimbili, na hizo mbili hazikuwa zinaisha. Anapiga moja, mtu anakaa. Tukaanza kuzungumza habari za Dar, tukavuka tukafika Ulaya, yote kwa maneno.

Siku moja akaja Mkongo kutoka Kalemie, amevuka na mzigo, mtu mzima mwenye kitambi, akaomba glovu. Raundi ya kwanza kijana wetu alimpiga ngumi ambazo nilizisikia kifuani mwangu. Yule Mkongo hakurudisha nyingi. Alimwegemea. Akaweka paji la uso begani kwa kijana, akamlaza mikono yake mizito juu ya mikono, akapumua. Kengele. Tena akamwegemea. Mimi nilikuwa nimechuchumaa konani, macho yangu kwenye glovu ya kushoto ya kijana wetu. Raundi ya kwanza ilikuwa shavuni. Ya pili ikashuka kidevuni. Ya tatu ikawa kifuani, na mdomo umefunguka. Ya nne ikawa kiunoni, inaning'inia kama ndoo tupu. Ya tano hakuinuka kwenye kigoda. Hakuna ngumi iliyomwangusha. Alikwisha tu. Kosa lilikuwa letu sisi tuliokuwa tunamsimamia, kwa sababu tulimfundisha kushinda haraka na hatukuwahi kumfundisha kuchoka.

Kuchoka kunafundishwa. Bondia wa kilo zaidi ya mia anabeba mzigo mkubwa kila anapohama, na misuli mikubwa inakula pumzi nyingi. Bondia anayezoea kumaliza kazi mapema hajui mwili wake utamwambia nini dakika ya ishirini. Hajui ni ngumi gani ya kuacha kupiga ili abakishe nguvu. Hajui kukumbatia kwa akili, kumwekea mwenzake uzito, kuvuta sekunde kumi za kupumzika bila mwamuzi kumkemea. Hayo gunia halifundishi. Yanafundishwa na mtu aliyekataa kuanguka.

Ndiyo maana Agosti 2024 sikushangaa sana yaliyompata Jared Anderson kule Los Angeles. Marekani nzima ilikuwa inamtazama kama mrithi: miaka 24, mapambano 17 bila kupoteza, mikono ya kasi. Wakampa Martin Bakole, mzaliwa wa Kananga, Kongo, anayeishi Airdrie kule Scotland, ndugu yake Ilunga Makabu aliyewahi kushika mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC wa uzito ulio chini ya huo. Bakole alimwangusha raundi ya kwanza na pambano likasimamishwa ya tano. Kigoma siku ile ungedhani Bakole ni wa Katubuka. Ziwa ni moja, na Mkongo akishinda huwa tunajigawia.

Tofauti kati yao ilikuwa nini? Bakole mwaka 2018 alikwisha kusimamishwa na Michael Hunter raundi ya kumi. Alikwisha kuonja giza la raundi za mwisho, akarudi. Anderson alikuwa bado.

Ila Bakole mwenyewe akatupa funzo jingine, na hili linaniuma. Februari 2025 Daniel Dubois, aliyekuwa akutane na Joseph Parker, aliugua, Bakole akaitwa Riyadh kuchukua nafasi yake akiwa na siku mbili tu kabla ya pambano. Alipanda ulingoni akiwa na zaidi ya kilo 140. Raundi ya pili akasimamishwa. Mei akatoka sare na Efe Ajagba wa Nijeria. Kuna watu wanasema alifuata hela, na mimi siwezi kumlaumu mtu aliyekimbia mitaa yenye shida kwa kukubali siku moja yenye malipo ya miaka. Lakini nafasi ya ubingwa ilikuwa mlangoni kwake, na ameiona ikirudi nyuma kwa sababu ya maandalizi ya siku mbili. Naye yumo kwenye miaka thelathini na ushee. Nampa nafasi ndogo sasa, na naandika hivyo kwa uchungu.

Kuna wengine wawili hadithi zao zimefungana, nao ni Bakhodir Jalolov wa Uzbekistan na Richard Torrez wa Marekani. Mwaka 2019 kwenye mashindano ya dunia ya ngumi za ridhaa, Jalolov alimzimisha Torrez raundi ya kwanza, ikabidi atolewe kwa machela. Watu wengi wangeacha ngumi. Miaka miwili baadaye, fainali ya Olimpiki ya Tokyo, Torrez akasimama mbele ya mtu yuleyule. Alishindwa tena, lakini kwa pointi, amesimama kwa miguu yake, akaondoka na medali ya fedha. Mimi hiyo fedha naiheshimu kuliko dhahabu nyingi.

Kwa kipaji peke yake, Jalolov ni hatari kuliko wote: mita mbili na ushee, anapiga kwa kushoto, dhahabu Tokyo na tena Paris 2024. Tatizo lake ni muda. Miaka aliyoitumia kurudi Olimpiki ndiyo miaka ambayo wenzake walikuwa wanakutana na wagumu kwenye ngumi za kulipwa. Sasa ana miaka 31, na jina lake bado halijakutana na jina kubwa. Torrez ni mfupi kwa zama hizi za majitu, ila hachoki kurusha ngumi, na Aprili 2025 alienda raundi zote kumi na Guido Vianello akashinda. Sidhani atakuwa bingwa asiyepingika, mwenye mikanda yote. Mkanda mmoja, siku ambayo mikanda imetawanyika, anaweza kuupata.

Na mikanda imeanza kutawanyika. Oleksandr Usyk wa Ukraine aliikusanya yote minne mikuu ya uzito wa juu Julai 2025 alipomtoa Dubois raundi ya tano pale Wembley, kisha Novemba akauachia mmoja, ule wa WBO. Umekwenda kwa Fabio Wardley wa Ipswich. Huyu Wardley nataka vijana wetu wamtazame kwa makini. Hakupita ngumi za ridhaa hata kidogo. Alianzia kwenye mapambano ya wafanyakazi wa maofisini. Machi 2024 alikwenda raundi 12 na Frazer Clarke wakatoka sare. Juni 2025, nyumbani kwake, Justis Huni alikuwa anamfundisha ngumi raundi baada ya raundi, majaji wote watatu wanamwona Wardley yuko nyuma, mpaka raundi ya kumi mkono wa kulia ukamaliza mabishano. Oktoba akamsimamisha Parker raundi ya 11. Ukimlinganisha na Itauma kwa ufundi, Itauma yuko juu. Ukiniuliza usiku huu nani nimpe pambano la raundi 12 lenye mateso, nampa Wardley.

Agit Kabayel wa Ujerumani simwiti chipukizi, ana zaidi ya miaka thelathini, na mabondia watatu amewabomoa kwa ngumi za mbavu: Makhmudov, Sanchez, Zhang. Kama kuna haki kwenye mchezo huu, yeye anatangulia foleni.

Narudi kwa mzee wangu. Nilipomweleza haya kesho yake tukinywa chai, alinijibu kwa Mike Tyson. Bingwa wa dunia akiwa na miaka 20, Novemba 1986, Trevor Berbick raundi ya pili, sasa wewe unasema mtoto asubiri nini? Ni swali zuri. Lakini Tyson alipopanda kwa Berbick alikuwa na mapambano 27 mgongoni, zaidi ya mara mbili ya aliyonayo Itauma. Na Mei ya mwaka huohuo alikwenda raundi kumi kamili na James Tillis, halafu ndani ya wiki tatu akaenda kumi nyingine na Mitch Green. Watu wanakumbuka wale aliowalaza sekunde chache, wanasahau hizo ishirini.

Nikamkumbusha na Kinshasa, kwa sababu najua anaipenda. Oktoba 30, 1974. George Foreman ana miaka 25, hajapoteza katika mapambano 40. Joe Frazier alimmaliza raundi ya pili, José Roman ya kwanza, Ken Norton ya pili. Miezi zaidi ya ishirini anaishi kwenye raundi mbili za mwanzo. Muhammad Ali akajilaza kwenye kamba, akamwacha apige, akamwacha apige, raundi ya nane Foreman akaanguka kwa mikono ambayo haikuwa na kitu tena. Mzee alinyamaza muda mrefu, anazungusha kijiko. "Yule alichoka," akasema. "Alichoka, si kwamba alipigwa."

Ndicho ninachokisema tangu mwanzo, mzee wangu.

Naamini Itauma atakuwa bingwa. Yeye na Wardley wote wako kwa promota Frank Warren, kwa hiyo njia ya kuelekea mkanda wa WBO si ndefu, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Njia fupi inashawishi. Wakimpeleka 2026 kwa sababu mashabiki wanapiga kelele, watampeleka akiwa hajui anachokuwa raundi ya tisa. Wakimpa mwaka mmoja wa watu wagumu, 2027 sioni wa kumzuia, na wakati huo Usyk atakuwa na miaka 40.

Mtu mgumu wa kwanza amepatikana. Jermaine Franklin alikwenda raundi 12 na Whyte, akaenda 12 na Joshua, na hakuna aliyewahi kumsimamisha. Pambano lilikuwa la mwezi huu Manchester, Itauma akaumia msuli wa mkono, limesogezwa hadi Januari 2026. Manchester iko nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo hiyo ya Januari tutakesha. Mzee ameshaniambia nimshikie kiti. Yeye anataka raundi ya kwanza. Mimi nitanunua kahawa mapema, nitakaa kimya, na nitamwombea Franklin asimame mpaka ya saba.